Kitambaa Chini ya Kamba

Jumanne, tarehe tatu, mwezi wa sita

Maji ilichemka. Nikaitia mu beseni, nikachanganya na ya baridi, nikatia kiwiko ndani kwanza, sawa vile kwa mutoto. Akaoga. Akavaa. Akaniambia, "Ahsante, dada."

Dada. Basi. Siku ikaanza.

Faida, mutoto yangu, ndiye aliniachia hii telefone. Alinionyesha fasi ya kufinya. Anasema, maman, kila siku sema vile papa ameshinda, doktere akiuliza usisahau. Doktere gani iko na wakati ya kusikiliza muke muzee? Hapana. Niko nasemea miye mwenyewe. Masomo sikusomaka. Mukono yangu haijue kalamu. Lakini kinywa haiyagonjwa hata siku moya.

Majina ya siku nasema sawa vile banasemaka kwa ba bwana yangu: Jumanne, Jumatano. Kwetu Nyangezi tunahesabu tu, siku ya kwanza, siku ya pili. Mwenye kuolewa anabadilisha hata siku.

Bwana yangu anaitwa Ramazani. Hajue kama iko bwana yangu. Shida iko hapo.

Ile siku batu balikuwa banapora ma depo, masasi inalia, yeye anataka kwenda kufunga kioske yake ya bitenge. Nilimukataza. Ramazani hana masikio. Balimurudisha mu toroli, miguu inaninginia, kichwa imepasuka. Nani alimupiga, na nini, sijue. Yeye pia hajue. Akalala ku lopitali. Ngozi ikafunga. Nikasema, Mungu asante, imeisha.

Haikuisha. Muzee yangu ya mvi aliamuka kijana. Anaona iko angali kwa baba yake, ku ile duka kubwa ya mu ville, katikati ya muji, mama yake iko chumbani anachoma udi. Na miye? Miye ni ile binti anabebaka mizigo ya duka na kamba ku kipaji ya uso, na kuletaka maji.

Uongo haiko. Nilikuwaka ile binti.

Jumatano, tarehe ine

Nimeficha kioo.

Ramazani alipita mbele yake asubui. Akasimama. Akainamisha kichwa, na heshima yote, akasema, "Shikamoo, mzee." Akangojea. Muzee hakuitika. Akaniuliza na sauti ya chini, "Mzee huyu ana hasira na mimi?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikalia. Kioo iko chini ya kitanda.

Ijumaa, tarehe sita

Sala yote anaijua. Hakuna neno yenye ilipotea. Alivaa kanzu yake nyeupe, nikamusindikiza mpaka ku musikiti, nikangojea inje na bale bamama banauzaka ndizi. Moya akaniuliza, muzee anaendelea? Nikasema anaendelea nyuma. Akacheka, akaniongezea ndizi.

Mu njia anatembea mbele yangu. Tangu zamani hatutembee vile. Tulikuwaka tunatembea pamoja, mpaka batu ba Kasha, mutaa yetu, balikuwa banatuchekelea, ona bale bazee banashikana sawa bachumba. Sasa miye niko nyuma, na kibeti yake ku mukono. Sawa boyi ya nyumba.

Anauliza kila siku juu gani, sababu gani, balimuleta mu nyumba ya mbao. "Nyumba hii ya nani, dada?" Ni yako, Ramazani. Mbao hii ulipigilia weye mwenyewe, ukajigonga kidole, ukatukana na Kifaransa. Lakini doktere alisema tusibishane naye, tusimulazimishe kukumbuka, kichwa iko sawa yai. Nasema tu, ni ya batu bazuri.

"Wapeni salamu zangu," anasema. Muungwana. Sikuzote alikuwaka muungwana.

Mwajuma alipiga telefone. Iko dada yake, mudogo yake, ya Uvira. Iko na maduka, na jeep, na nyumba ya etaje, ya gorofa. Anakuya. Anasema amesikia kama kaka hajue tena batu, na Kasha haiko fasi ya mugonjwa. Anataka kumubeba Uvira.

Nilisema karibu. Moyo ikaanguka pu, sawa ndoo mu shimo.

Kunywa maji kwanza.

Mwajuma haiko mutu mubaya. Nasema ukweli. Lakini tangu ameingia hapa kwangu mara ya kwanza, miaka na miaka, hajatia kitu yangu mu kinywa. Hata chai. Anakuyaka na thermos yake. Ni neno ya mama yao. Bi Zainabu, Mungu amupokee, alisema mbele ya batu bote: binti wa kamba, sitakula mkononi mwake mpaka nife. Na akatimiza. Alikufa bila kula kwangu. Na alikufa bila kumupatia Ramazani radhi. Kwa batu ba kwao hiyo ni kitu kubwa sana, radhi ya mama. Kila Idi, batoto bamevaa, pilau imeiva, Ramazani anaenda kukaa nyuma ya nyumba peke yake. Ananiambia, "Nabintu, sina radhi." Nilikuwa namutilia chai. Ningefanya nini? Radhi haiuzishwe ku soko ya Kadutu.

Jumapili, tarehe munane

Mvua imekwisha kabisa. Vumbi mu sahani, vumbi mu masikio. Kura ya umeme imekatika tangu jana. Ramazani amelala. Nitasema ile ya ngombe juu moyo yangu iko muzito na ngombe inanichekeshaka.

Alipokatazwa kunioa, alitoka kwao na valizi moya ya nguo. Akakuya kwa baba yangu, Nyangezi. Baba akamupima, viatu ya kungara, mikono laini. Akasema, kwetu binti anatoka na ngombe. Basi. Hakueleza zaidi. Kwetu nani atakueleza ngombe gani? Hata mutoto ya kunyonya anajua: ni ngombe muke, muchanga, yenye haiyazala. Itazala kwa baba, na ile yenye itazala itamuolea kaka bibi. Ngombe ni tumbo, haiko nyama.

Ramazani iko mutoto ya duka. Kwa batu ba duka, kitu muzuri ni ile kubwa. Akauza saa yake, akauza koti, akanunua dume. Lakini dume! Shingo sawa mulango, pembe sawa nini sijue. Akaikokota kwa miguu kutoka Bukavu mpaka Nyangezi, ku mvua, na bile biatu bya kungara. Tukasikia batu banapiga kelele ku njia. Tukatoka. Bwana yangu amejaa matope mpaka ku mapua, anacheka na furaha, sawa mutu ameleta mwezi. "Baba, nimekuletea kubwa kuliko zote!"

Baba akaangalia ngombe. Akainama, akaangalia chini ya ngombe. Akaangalia Ramazani. Kisha akaanza kucheka. Baba yangu hakuchekaka, ilikuwa mutu ya kununa. Alicheka mpaka kofia yake ikaanguka mu matope, na dume ikaikanyanga. Akasema na Mashi, luga ya kwetu, huyu hakuya kuoa, alileta nyama ya arusi ya batu bengine.

Lakini alinitoa. Alisema mutu yenye anatembea vile mu mvua kwa ajili ya mutoto yangu, ngombe muke atajifunza. Na dume tukaibadilisha. Na kofia haikupona.

Ramazani alikuwaka anakataza tusimulie. Ilimupataka haya mpaka uzee. Faida mwenyewe nilimunongonezea tu mara moya. Sasa kwake ile safari haiyafika. Iko kijana hajaenda Nyangezi. Sitamuambia. Kichwa iko sawa yai.

Baba alikufa zamani. Dume alikufa. Kofia alikufa. Niko nacheka peke yangu na telefone.

Jumatano, tarehe kumi na moya

Leo alifanya kitu. Ngoja niseme pole pole.

Makala iliisha. Nilishuka kununua mufuko. Mutu ya moto, ile pikipiki, alitaka kunibebea, nikakataa, alikuwa anaongea na kiburi. Nikafunga mufuko na kamba, nikatia kamba ku kipaji, nikapanda. Miye muzee, ndiyo. Lakini shingo yangu haisahau kazi. Ku kipaji niko na shimo. Kamba ilichimba tangu nikiwa mutoto. Batu ba mu ville banaonaka aibu ya kuangalia. Kila bamama bale babebaji bako nayo, sisi tunajuana na ile shimo sawa vile batu ba kabila moya.

Nikaingia mu lupango, kiwanja ya nyumba yetu. Ramazani ilikuwa ku kiti, kivulini. Akaniona. Akasimama haraka. Akasema, "Simama hapo. Usitue kwanza."

Akavua leso ku shingo yake. Akaikunja. Akaikunja tena. Akakuya karibu, nikasikia pumuzi yake. Akainua kamba ku kipaji yangu na kidole mbili, akatia kitambaa chini, akarudisha kamba pole. Akauliza, "Sasa? Inauma?"

Nikagusa ile kitambaa.

Ile siku ya kwanza ya zamani alifanya vile vile. Nilikuwa nimebeba marobota ya bitenge ya baba yake, natoka ku port, napanda. Damu kidogo ku kipaji. Kijana ya duka akatoka, akakata kipande ya kitenge mupya, kitenge ya kuuzisha, akakunja, akatia chini ya kamba. Akauliza, sasa inauma? Babebaji bote bakapiga vigelegele, bakanichokoza mwezi muzima: "Nabintu, leo kichwa yako imevaa arusi!" Mama yake alikuwa ku dirisha. Aliona yote. Matata ilitoka hapo.

Leo nilitua mufuko. Nikasema asante, bwana. Akasema, "Mimi siyo bwana wako. Naitwa Ramazani. Wewe unaitwa nani?"

Nabintu.

"Nabintu," akasema. Akalirudia tena, sawa mutu anaonja sukari.

Niko na furaha. Na niko na wivu. Wivu na nani? Na miye. Na ile binti. Anamuangalia yeye, haniangalie miye, na sisi tuko mutu moya. Meno yangu imebaki ya hapa na pale na bado anamuona yeye.

Alhamisi, tarehe kumi na mbili

Mwajuma amefika. Jeep imejaa vumbi. Mu njia barriere mingi, kila fasi banasimamisha gari, ku Sange balilala ndani. Amechoka, uso imekonda. Ameingia akalia, akamukumbatia kaka yake. Yeye akamuacha akumbatie, na adabu, lakini macho yake inauliza.

Kisha Mwajuma akamuuliza mbele yangu. Akanionyesha na kidole. "Kaka, huyu ni nani kwako?"

Ramazani akacheka kidogo. "Huyu ni dada anayeleta maji. Mpole sana. Usimgombeze."

"Una mke, kaka?"

"Mke? Mama hajanitafutia."

Mwajuma akanigeukia. Hakusema na ubaya. Ndiyo ilikata zaidi. "Umesikia, Mama Faida. Mwenyewe anasema hana mke. Nitamwachia nani hapa? Kule ana chumba chake, ana daktari, ana watu wa kumwogesha. Jumapili asubuhi tunaondoka."

Niko na miaka yote hii na ile mutu. Batoto tulizaa, bengine tulizika. Na neno moya ya kinywa yake imenifanya boyi.

Mwajuma akakunywa chai ya thermos yake. Miye nikaosha sahani yenye hakuna mutu alikula ndani.

Ijumaa, tarehe kumi na tatu

Faida alikuya kutoka kazi, akapiga kelele na shangazi yake. Nikamukataza. Kelele inamuogopesha papa, anafunika masikio sawa masasi inalia.

Nimefikiri leo muchana yote nikichagua muchele. Nitasema na sitarudilia. Kama iko na amani kule, aende. Kule kuko sawa kwa baba yake, ataona bitu anavikumbuka, hatauliza tena nyumba ni ya nani. Hapa kila siku anapotea mu nyumba yake. Nimepakaka mafuta miguu ya huyu mutu, sitamufunga na kamba sawa mbuzi.

Nimetoa valizi. Nimekunja kanzu zake. Nimetia ile leso. Nimeitoa tena. Leso inabaki.

Nimekasirika na Mungu. Basi.

Jumamosi, tarehe kumi na ine

Nitaanza na sambaza, ile samaki ndogo ya ziwa, juu sambaza ndiyo iliungua.

Muchana. Nilikuwa ku babula ya makala nakaanga, mulango ya kwenda salon ya bageni imefunguka. Faida ameenda kazi. Shofere iko inje anaosha jeep. Mwajuma alikuwa ameoga, ametandika musala, ametia udi mu kichetezo kidogo yenye anatembeaka nayo. Amejifunika kanga kichwa yote. Amekaa chini, anahesabu tasbihi. Nikamuangalia nikashituka: Bi Zainabu kabisa. Mwili, kanga, moshi. Dada alizeeka akawa mama yake, na hakuna mutu alimuambia.

Ramazani alitoka inje ku jua, akaingia. Harufu ikamupata. Akasimama sawa amegongwa tena.

"Mama," akasema.

Mwajuma akainua macho. Ramazani alikuwa ameshapiga magoti. Ile magoti yake ya maumivu, yenye napakaka dawa kila jioni. Akashika miguu ya Mwajuma na mikono mbili. Akasema haraka haraka, sawa kijana ameshikilia neno tangu juzi na anaogopa itamukimbia.

"Mama, usikasirike. Yule binti wa kamba. Nabintu. Namtaka yeye. Najua umeona dirishani, najua utasema ni mchukuzi, hana kwao. Ana kwao, Nyangezi, nitaenda kwa miguu. Ukinikatalia nitaondoka naye, mama, siwezi kukudanganya. Lakini nitakaa maisha yangu yote bila radhi yako, na sitapata usingizi. Nipe radhi. Usife bila kunipa."

Miye niko ku mulango na kijiko. Mafuta inalia nyuma yangu, harufu ya kuungua, na mukono haiende.

Mwajuma akaniangalia. Alipauka. Zamani ile, siku mama yao alikataa, yeye alikuwa kasichana nyuma ya pazia. Aliniambia leo, kisha: alisikia yote. Alisikia kaka yake analia hivi hivi, na mama akageuza uso ku ukuta. Kaka akatoka na valizi. Na yeye akakamata pazia na meno ili asilie. Anasema tangu ile siku hakuna mutu ndani ya ile nyumba alitaja jina ya kaka ku meza.

Na sasa kichwa ya kaka iko ku miguu yake yeye. Angeweza kusema, kaka, amka, mimi ni Mwajuma. Ilikuwa ukweli. Jeep ilikuwa inje.

Udi ikapanda. Ramazani akangojea.

Mwajuma akatia tasbihi chini. Akatia mukono ku kichwa yake, pale pale ku kovu. Akabadilisha sauti. Wallahi nilisikia Bi Zainabu anaongea, lakini Bi Zainabu ya kupenda, yenye sikuionaka.

"Radhi, mwanangu. Radhi ya dunia na ya akhera. Mwoe."

Ramazani hakuinuka. Akauliza, sauti ya mutoto, "Na utakula mkononi mwake?"

Ile neno. Ile neno yenyewe.

Mwajuma akafunga macho. Akasema, "Nitakula. Mwambie alete."

Nilete nini? Sambaza imekuwa makala. Bugali imekuwa jiwe. Nikaleta. Nikapiga magoti, nikamunawisha maji ku vidole, pete zake zote. Akakata bugali, akachovya, akatia mu kinywa. Akatafuna. Machozi inashuka mpaka ku kidevu. Sijue ni ya radhi ao ya sambaza, juu ilikuwa uchungu kweli. Akakata tena.

"Wifi," akaniambia. Wifi! Miaka yote nilikuwa Mama Faida, ao "wewe". "Wifi, samaki umemuunguza."

Nikasema, ni weye ulikawia kula.

Akacheka na bugali mu kinywa. Nikacheka. Ramazani akatuangalia sisi mbili, furaha imemujaa uso, akasema, "Alhamdulillahi, wanaelewana."

Jumapili, tarehe kumi na tano

Jeep iliondoka asubui. Ramazani haikuwa ndani.

Mwajuma alichukua ile valizi yenye nilipanga, akaifungua, akarudisha kanzu ku musumari, moya moya. Nikamuuliza, na chumba yake? Na daktari? Akasema atatuma dawa, chumba itamungojea. Akasema, "Jana nimemwoza kwa kinywa changu mwenyewe. Leo nimwachishe? Watu watasema nini?"

Alisahau thermos. Sijue kama alisahau. Iko hapa ku meza.

Kabla ya kupanda gari alinivuta pembeni. Aliuliza, kama siku moya kaka akirudishwa akili na akajua ile haikuwa mama, itakuwaje? Nikamuambia sijue. Radhi imetoka, haiwezi kurudi mu kinywa. Mutu ya kwao ndiye alimupatia, damu ya mama yake ndiye alisema. Kwangu inatosha. Akaniangalia kipaji. Mara ya kwanza hakugeuza macho.

Ramazani alilala muchana mpaka jua ikashuka. Hakulalaka vile tangu lopitali. Na hata mbele ya lopitali.

Alhamisi, tarehe kumi na kenda

Hakuna habari kubwa. Maji, chai, jua. Faida amerudisha kioo ku ukuta, nikamuacha. Ramazani akapita, akamupa muzee shikamoo, safari hii akamuchekea pia, akaenda.

Ananiita Nabintu. Haniite tena dada. Hajue kama tumeoana. Anaona tuko bachumba, anangojea siku ya kwenda kwetu. Asubui ananiletea beseni yeye mwenyewe, maji ya moto inamwagika mu njia yote, nusu inafika. Anasema muchumba habebeshwe maji. Miye naoga na hiyo nusu.

Leo tulikaa ku kivuli, tunamenya maharagi. Yeye anamenya pole, anatupa ganda mu sahani na maharagi chini, kisha anaokota. Mbele yetu ziwa inangara. Mu njia bamama bale ba kamba banapanda na mizigo, moya akaniinulia kidole, nikamuinulia.

Akasema anafikiri safari ya Nyangezi. Mvua ikirudi njia itakuwa mubaya, heri kwenda mbele. Nikasema eh. Akasema ameshafikiri ngombe.

Nikasema eh.

Akaokota maharagi moya mu vumbi, akaipuliza. "Dume sileti," akasema. "Mzee atacheka mpaka kofia imwanguke."

Mukono yangu ikasimama.

Sikumuambia. Faida hakumuambia. Baba iko mu udongo, na kofia yake.

Nilimuangalia. Yeye haniangalie, anatafuta ganda ingine mu ndoo, uso imetulia, sawa mutu amesema tu kama kesho kutakuwa jua. Nilitaka kumushika mabega. Nilitaka kumuita Faida, doktere, Kasha yote. Nikakumbuka yai.

Nikamuambia, ndiyo. Leta muke, muchanga, yenye haiyazala.

"Najua," akasema.

Tukamenya maharagi mpaka ikaisha.